Mara ya Tatu kwa Paraskeva

Mara ya kwanza nilikwenda na karatasi:
asilimia, vifo, herufi nyekundu.
Nimesimama kwenye tope la Septemba
nikamuuliza, "Mama asiyechanja ni mama gani?"
Mlango ukanijibu.

Mara ya pili nilimleta daktari kutoka Suceava,
tai shingoni, sauti ya mahakama.
Mbwa akafunguliwa.

Kisha surua ikaingia bondeni.
Watoto watatu wodini, macho mekundu kama makaa,
na ulimi ukiniwasha: si nilisema?
Nilisema, ndiyo.
Ila nilisemaje?

Maneno matamu, eti, humtoa nyoka pangoni.
Paraskeva si nyoka,
na pale ni kwake.

Mara ya tatu nilikwenda mikono mitupu.
Alikuwa akikatakata kabichi za kutia chumvi.
Nikaomba kisu.
Tulijaza nusu pipa ndipo akanena:
mdogo wake, Anuța, alichomwa sindano,
usiku akapandwa na degedege,
na kesho yake muuguzi alimcheka mama yao.

Sikuwa na takwimu ya kicheko kile.
Nikasema, "Hakustahili kuchekwa."
Nilichokijua nikakieleza, nisichokijua nikakiri.
Homa huweza kuja; ikija, nipigie,
hata saa nane usiku.

Hakusema ndiyo.
Alinifungia kabichi moja kwenye gazeti.

Jumanne, zahanati tupu, nasikia buti zikipanguswa mlangoni:
Paraskeva, mtoto kifuani ndani ya koti,
amekuja na swali moja zaidi.

Nikavuta kiti.