Akaunti ya Mia Moja na Moja

Leseni ya paneli imejengwa kwa ngazi
kama jengo letu hili la Luthuli lisilo na lifti:
ngazi ya kwanza, akaunti moja, mtu na nafsi yake;
ya pili, tano; ya tatu, thelathini;
ya nne, mia kamili, hapo unapumua, unafuta jasho.
Juu ya mia hakuna ngazi tena.
Juu ya mia unahesabiwa kichwa kwa kichwa.

Babu yangu alilipa kodi ya kichwa,
akakunja stakabadhi, akaishona ndani ya koti.
Mimi yangu huja kwa baruapepe, saa kumi alfajiri,
kwa dola, na salamu za mteja wetu mpendwa.

"Tuko mia moja na moja," asema Lemayian,
huku chini spika za dukani zikijaribiwa, moja, mbili, moja, mbili,
mpaka kikombe chatetemeka mezani.
"Futa mmoja. Shilingi arobaini kila mwezi si mchezo:
haba na haba hujaza kibaba
cha mwenye leseni."

Basi tunapekua orodha.
Chekechea ya Kayole. Vipuri vya Grogan.
Wakili asiyelipa tangu Machi, ila hupiga simu
kila tovuti ikilala dakika mbili, akitaja mahakama.
Akina mama wa kuku, Ruai; picha zote ni za jogoo mmoja.
Paneli haijui jogoo wala wakili.
Kwake kila jina ni mstari, na kila mstari una bei.

Mstari wa sitini na nane: Keki za Kerubo.
Kerubo tulimzika mvua za mwaka juzi,
tope hadi magotini, mwanawe kashikilia mwavuli juu ya jeneza
kana kwamba mama angelowa.
Hakuna atakayelalamika, asema Lemayian, na ni kweli.

Ila nafungua kumbukumbu za seva.
Kila Jumamosi, saa tatu usiku, mtu mmoja,
wa Nyamira kama anwani haidanganyi,
hufungua ukurasa wa bei:
keki ya ndimu, kilo mbili, elfu mbili na mia nne.
Dakika nne. Hanunui. Anatoka.

Kidole kiko juu ya Futa.
Paneli yauliza, kwa adabu zake zote:
Una hakika? Ikifutwa, hairudi.

Naondoa kidole.
Stima yapotea, yarudi; spika zaanza upya, moja, mbili.
Lemayian kashika kalamu juu ya daftari la matumizi,
angoja kuambiwa hizi arobaini aziandikeje.

Andika keki, namwambia.