Hodi Kutoka Silinda ya Tatu

Keighley, Februari. Mvua haijaamua kunyesha wala kukoma.
Bi Enid Holroyd ananifungulia banda la bati
nyuma ya kanisa lililogeuzwa duka la mazulia,
na ndani yake Morris ya mwaka hamsini na nane,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.

"Linagonga," anasema. "Ko. Ko. Ko."
Anaigonga hewa kwa kifundo cha kidole;
huku kwao hodi ni ya kidole, kwetu ni ya mdomo.

Naliwasha. Kweli, kuna mtu mle ndani.

Si tapeti: tapeti ni cherehani, hucheka juu juu.
Si pistoni iliyolegea, hiyo hulalama asubuhi,
ikipata joto hunyamaza.
Huyu yuko chini, mzito,
na kila nikikanyaga mafuta
naye anaongeza ngumi.

Nachukua bisbisi ndefu,
ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.
Injini yote inaniingia kichwani.
Kisha nachomoa nyaya za plagi, moja moja:
ya kwanza, ko;
ya pili, ko;
ya tatu,
kimya, au jirani yake kimya,
gari likichechemea kwa silinda zilizobaki.

Nimekuona.
Metali ya konrodi. Imelika.

Lakini imelikaje? Mita inasoma maili elfu thelathini na moja;
hili halikuchoshwa na safari.
Navuta kijiti cha oili, nanusa.
Petroli. Oili nyepesi kama mchuzi wa mwisho wa mwezi.

"Unaliendesha?"
"Tangu Clifford afariki, hapana.
Ila kila Jumapili naliwasha, dakika kumi.
Nafungua milango ya banda, navuta choki,
halafu nakaa pale," ananionyesha kiti cha abiria,
"nasikiliza."
Miaka sita.

Napiga hesabu ambayo sitaki kuisema:
Jumapili mia tatu za injini baridi,
petroli isiyoungua ikiteremka kuta za silinda,
ikiiosha oili kidogo kidogo
hadi chuma kikabaki na chuma.

Nafuta mikono kupita uchafu uliomo.

"Nimeliua mimi?"
"Halijafa. Tutalifungua kwa chini,
metali mpya hazishindi bei ya viatu.
Ila likipona uliendeshe, mama. Hata Skipton na kurudi.
Lipate joto."

Anautazama usukani.
"Leseni ninayo," anasema. "Ila mimi nilikuwa wa ramani."

Nazima swichi. Injini inajitikisa mara moja, inatulia.
Juu yetu kitu kinaanza, polepole: ko, ko-ko.
Yeye, bila kugeuka:
"Na hiyo?"
"Hiyo mvua," nasema.