Maagizo kwa Hoza Kabla ya Basi la Alfajiri

Hoza, funguo ziko juu ya jokofu,
na huyu aliyelala mlangoni ni Zulia.
Mruke. Hahami.

Si mkubwa, si mdogo,
mgongo wake unagusa goti langu.
Yanayozidi hapo ni manyoya.
Siku ukimwogesha utaona:
utabaki na nusu ya mbwa
na macho mawili ya kulaumu.

Aliletwa na bwana mmoja wa kiwanda cha saruji, Pongwe,
kutoka nchi ambako, alisema, bahari huganda
ukaivuka kwa miguu.
Mkataba ulipokwisha akaondoka na masanduku sita.
Mimi niliyempigia pasi mashati
nikaachiwa feni, sufuria mbili, na huyu.
Feni iliungua mwezi wa tatu.
Jina alilokuja nalo lilitushinda ulimi.
Mama alimkuta kajimwaga sebuleni, akasema,
"Haya, tumepata zulia."

Sasa sikiliza.
Mtembeze kabla lami ya Chumbageni haijashika moto.
Weka kiganja barabarani, hesabu hadi saba.
Ukishindwa wewe, na yeye ameshindwa.

Watakuja wenye busara zao dirishani:
"Mnyoeni! Koti hilo, na joto hili la Tanga!"
Usimnyoe.
Nilimnyoa mara moja, kwa mkasi wa Shekue fundi cherehani,
ngozi ikababuka,
akashinda wiki nzima uvunguni, kwa aibu.
Koti lile ni nyumba ya udongo, Hoza,
ukuta mnene, ndani ubaridi.
Kazi yako ni kufungua madirisha.

Kitana kiko kwenye kopo la maziwa.
Anza nyuma ya masikio, kisha makwapa,
huko ndiko kupe hupanga chumba bila kulipa kodi.
Fundo likikataa, litie tone la mafuta ya nazi
ulisubiri kama unavyosubiri karani wa ardhi.
Manyoya usitupe, yaache juu ya ukuta.
Kunguru wanayachukua.
Kwenye muarobaini wa shule kuna kiota cheupe,
mimi hukitazama kama mtu aliyejenga.

Bi Zamda wa jirani ana udhu wake,
na pua ya huyu haikauki.
Zulia anajua. Hatua tatu kabla ya khanga yake
hukaa chini, mkia ukipiga hodi.
Sijamwona Bi Zamda akimgusa hata siku moja.
Lakini kila Ijumaa vichwa vya samaki
hupita juu ya ukuta ndani ya gazeti.
Toa miba. Usishukuru kwa sauti.

Mnyororo, hapana.
Atabwekea wezi, muuza kahawa na mwezi,
wote kwa heshima ileile,
maana halindi mali huyu. Analinda hesabu.
Usiku hupita mlango kwa mlango,
ananusa, anaendelea, ananusa,
mpaka watu watimie, ndipo alale.
Mama alipofariki alihesabu akarudia,
akahesabu akarudia,
kama mhasibu aliyepungukiwa na shilingi moja,
hadi kukapambazuka.

Kwa hiyo lala chumbani kwangu.
Shuka usifue.
Muhimbili wamesema wiki tatu, jicho la kushoto kwanza,
la kulia wataangalia.

Barafu nimeweka. Mchana wa joto mpe kipande
ndani ya karai, atakilamba kwa kukikumbuka.
Au labda hakumbuki kitu, ni mimi.

Honi hiyo. Shika begi.
Na neno moja tu usilitamke mbele yake: rudi.
Nilimfundisha mwenyewe.
Hata likijificha katikati ya neno jingine analisikia,
basi atakwenda getini, atakaa,
na chakula hatakitazama.