Mazoezi ya Kushuka

Andongwisye ameigeuza kalenda ya ushirika,
mgongoni mwake amechora visiwa vitano vya Wagiriki.
Kimoja kama kokwa la parachichi,
kimoja kama ndara iliyokatika kamba,
na Patmo, ambacho nimekichagua mimi
kwa ajili ya yule mfungwa aliyeona maono.
Nataka kujua kama alikuwa na kivuli.

Miaka thelathini na moja alipuliza king'ora
cha kiwanda cha chai, hapa chini ya Rungwe.
Hajui kustaafu. Kila kisiwa amekipa
saa ya kufika, saa ya kula, saa ya kwenda haja.
"Boti ndogo inatushusha saa mbili," anasema,
"ya mwisho kurudi ni saa tisa na nusu.
Meli haina shemeji. Haimngojei mtu."

Aliyetulipia ni Ipyana, mwanetu,
anamenya viazi tumboni mwa meli hiyohiyo.
Sisi tutakula juu, yeye atamenya chini.
Hilo nimelinyamazia mpaka leo.
Alipiga simu usiku, mvua ikitwanga bati:
"Baba, nane yao ndiyo mbili yetu.
Ukisoma ratiba kwa macho ya Tukuyu, utaachwa."
Mzee akafuta kalenda yote kwa kifutio cha mjukuu,
akaanza upya, ulimi nje,
kama mtoto wa darasa la pili.

Mimi nauliza yangu.
Toka gatini hadi kanisani kuna ngazi ngapi?
Punda wa kule wanabeba watu, au ni wa kupigia picha?
Goti langu la kushoto, tulikatie tiketi yake?
Na kile kisiwa kidogo kuliko vyote,
chenye gati moja na duka moja,
alichokiandikia "hakuna cha kuona",
hicho nakitaka hivyohivyo, bila ratiba.
Nikae barazani kwa mtu
nione wanawake wa kule wanaanika nini,
na wakigombana hushika kiuno kwa mkono gani.

Jumamosi akasema, tufanye mazoezi.
Nyumba ikawa meli. Soko likawa kisiwa.
Dakika arobaini kushuka, saa moja kutembea,
dakika hamsini kupanda, maana kilima ni kilima.
Nikavaa raba mpya na kofia ya jua
katika ukungu ambao mbuzi hamwoni mwenziwe.

Tulishuka vizuri.
Akanionyesha nguzo ya simu iliyolala:
"Magofu. Dakika tano."
Nikayatazama magofu dakika tano.

Wakati wa kurudi, pale darajani,
mama Lugano na kapu lake la magimbi.
Ugonile, mama. Tukaanza.
Watoto, ng'ombe, mguu wa mzee wake,
bintiye wa Kiwira aliyejifungua mapacha,
mmoja bado hajafumbua jicho la kulia.
Utamkatizaje mtu
wakati jicho la mtoto halijafumbuka?

Andongwisye alisimama kando, saa mkononi,
mvua ikimdondokea kutoka ukingoni mwa kofia.
Dakika kumi na saba.

Tulipofika getini hakuingia.
Alitazama pale migomba inapoishia
na weupe unapoanza.
"Imeondoka," akasema.
Na kweli, nikahisi kitu kikubwa chenye taa
kikijivuta polepole mle ukunguni,
mwanangu ndani yake, kisu mkononi.

"Basi tumebaki kisiwani," nikamwambia.
"Pokea hili kapu, magimbi tumepewa."

Usiku, baada ya kula, akaichukua tena kalenda.
Chini ya kila kisiwa, kwa mkono mwepesi,
akaongeza: kusalimiana, dakika ishirini.
Nikamwuliza, kwa lugha gani?
Hakujibu.
Alikuwa anachonga penseli.