Hesabu za Tangi la Nne

Mimi ni mhasibu. Mbao sizijui.
Ninachokijua ni ankara ya umeme wa tangi la nne:
nyuzi sitini za joto, usiku na mchana,
mwaka wa kumi na mbili sasa,
huku nje Ghuba ya Ufini imeganda
na ofisini tunavaa makoti.

Siku moja nikashuka kumuuliza Virve
lini moto huu utazimwa.
Nilimkuta amepiga magoti ukingoni,
miwani imefunikwa mvuke,
akipima kipande cha mkuku
kama mkunga apimaye mtoto njiti.

“Mwaloni huu,” akasema, “umekunywa bahari miaka mia sita.
Mchwa wa majini hawaishi huku, chumvi haiwatoshi,
ndiyo maana umbo limebaki.
Nguvu ndiyo iliyokwenda.
Kinachoushikilia ni maji yaleyale yaliyouzamisha.
Ukaushe leo, kesho utazoa unga.”

Basi maji hutolewa tone kwa tone,
na kila tone linapotoka
nta huingia kukalia nafasi yake,
taratibu, kama mpangaji anayehamia usiku
mwenye nyumba amelala.

“Bado muda gani?”
“Miaka minane. Labda tisa.”
Nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu:
Virve anastaafu baada ya mitatu.
Sikusema kitu.
Naye aliendelea kufuta miwani.

Kisha akafungua droo, akanipa kijiko,
kijiko cha mti, chepesi kama ganda la yai.
Ukingo umelika upande mmoja:
mwenyewe alitumia shoto.
Na kwenye mpini, meno.
Meno madogo, mno kwa baharia.

Nikauliza orodha ya shehena inasemaje.
Shayiri. Ngozi. Mapipa ya lami. Wanaume kumi na mmoja.
“Mtoto hakuandikwa,” akasema Virve.

Nilirudi juu kwa ngazi, si kwa lifti.
Mimi ambaye huandika hata pini,
hata stempu, hata sukari ya chai ya wageni.

Virve ameshaondoka. Analima viazi Saaremaa,
hunipigia simu kuuliza uzito, siyo afya yangu.
Daftari lake analo Taavi,
kijana mwenye mwandiko mbaya na mikono mizuri,
na kila Jumanne nashuka kumshikia taa.
Hajaniomba.

Kwenye fomu ya umeme kuna safu: *sababu ya matumizi*.
Miaka yote nilijaza: kupasha maji.
Mwezi uliopita nikajaza: mtoto.
Wakaguzi wakairudisha, duara la wino mwekundu,
*tafadhali fafanua*.

Nikafafanua:
mmoja, wa shoto,
meno yalikuwa yanaota.