Na Nini Kingine?

Duka la dawa la Foleshill hufungwa saa kumi na mbili.
Nimefika kasoro dakika nne,
kiatu kimoja hakijafungwa kamba,
kitambulisho nimekiacha ndani ya friji
juu ya maziwa. Usiulize.

Gurdeep ananijua, hakiombi.
Anaulizia vingine.
"Ndiyo mara ya kwanza kukupa hizi, Bi Shekue.
Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana," nikasema, mbio mbio, kawaida yangu.

Lakini neno lake la Kiingereza ni jembamba,
laingia kwenye chupa, lafunikwa kizibo.
La kwetu limetanda:
kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu,
dawa ya deni ni kulipa,
na dawa ya moto ni moto.
Hapo ndipo nilipokielewa kidonge hiki
kuliko alivyonieleza daktari:
kichwa kimewaka miaka arobaini na mmoja,
wakaniandikia kiberiti.

Gurdeep hakuichukua hapana yangu.
Aliiacha pale kaunta, kama chenji, akangoja.

"Mafua?"
Novemba ya Coventry, nani hana mafua?
Mkobani mna vile vya manjano vya kuzibua pua,
viwili nimevimeza kwenye basi.
Akavuta pumzi kama fundi aliyeona waya uchi.
"Hivyo hubana mishipa, hupandisha presha.
Ukichanganya na hizi, moyo utakimbia
na hauna pa kwenda."

"Kahawa?"
Nikasema vikombe vitatu.
Vilikuwa sita.
Mwenye kichwa hiki hujitibu miaka
kabla hajajua kwamba anaumwa.

"Kiungulia?"
Kila nikitoka zamu ya usiku nalamba kijiko cha magadi.
Hata magadi, jamani!
Akasema magadi huichelewesha dawa kutoka kwa mkojo,
ikabaki mwilini kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado amesimama mlangoni.

Msichana wa dukani alishaanza kuzima taa za nyuma.
Gurdeep akashusha sauti.
"Na za huzuni?"

Huzuni kwetu haina dawa, ina matanga.
Ina mikeka, ina sufuria za jirani,
ina watu wa kukukataza kulala peke yako.
Mama alipofariki Januari nilikuwa huku, nikipiga deki wodi ya watu,
na matanga yangu yalikuwa simu
iliyokatika mara tatu.
Wifi yangu wa Leicester akanigawia vidonge vyake,
kama mtu anavyomgawia mwenziwe chumvi.
Vya rangi ya waridi. Kimoja, siku nikizidiwa.
Jana nilizidiwa.

Hilo halikuwa kwenye fomu.
Hilo hata mume wangu hajui.
Nimemwambia mtu mwenye kilemba cha buluu
akiwa na funguo za duka mkononi.

"Vinaitwaje?"
Sijui.
"Baadhi yake," akasema, polepole, neno kwa neno,
"haviguswi pamoja na hizi hata kidogo.
Huachwa kwanza, zipite wiki mbili.
Vingine hupatana, lakini kwa kuchungwa.
Sijui ni vipi hivyo, kwa hiyo leo sikupi.
Kesho asubuhi nampigia daktari."
Pakiti akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Niliikasirikia ile sauti ya ufunguo.
Miezi kumi na minne nimeisubiri foleni hii.
Nikatoka bila kuaga, nikarudi kuchukua glovu,
nikaaga.

Kituoni nikamwandikia wifi:
zile za waridi zinaitwaje?
Nikafuta. Angedhani namrudishia.
Nikaandika tena, nikaanza na salamu,
nikaulizia watoto, nikaulizia mguu wake,
nikafikia waridi.

Nilipoinua macho basi lilikuwa limekwisha kupita.
Moyo ulikuwa unadunda.
Vile vya manjano, labda.
Kwa mara ya kwanza nikauhesabu.