Nipe Jani

Usinitajie jina kwanza. Nipe jani.
Nilisugue kwa kidole gumba, hiki
chenye ukucha uliokufa kwa nyundo
enzi tulipochonga mawe hapa Njiru.
Juu, kijani cha vumbi. Chini, weupe
wa blanketi lililofuliwa hadi likachoka.
Harufu ikipanda kama kafuri, ikakaa,
ikakataa kutoka hata kwa sabuni ya kipande,
basi ni leleshwa.
Mkono ukikwaruzika na pua ikajikunja,
hiyo ni lantana, mgeni asiyejua kuaga.
Ng'oa, twende.

Vipandikizi vya kwanza nilivitoa Kiserian,
nyuma ya boma la Semeyian.
Alicheka mpaka akashika kiuno:
"Haya tuliyatia kwapani tukienda ngomani,
wewe Mutinda unayabeba kwa gunia?"

Sitini nilivichomeka
kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa kwa msumari:
mchanga, samadi ya mbuzi, na unga wa mawe,
maana nilitaka vionje mapema
ugumu wa mahali vitakapoishi.
Arubaini na moja vikawa njiti za kuwashia jiko.
Kumi na tisa vikashika.
Nikavishusha machimboni mvua za Novemba,
kimoja kimoja, kwa mikono miwili,
kwenye ukingo ambao hata nyasi ziliukataa.

Mwaka wa tatu vikachanua. Sufi sikuiona.
Nikampigia Semeyian. Akanyamaza kidogo.
"Ulikata kichaka kimoja?"
Kimoja.
"Hao wote ni madume, fundi. Njoo utafute wake."

Kumbe nilikuwa nimefungua bweni la wavulana.

Sasa wake wamo, saba,
nimewafunga uzi mwekundu nisije nikakosea tena.
Na leo upepo umegeuka.
Ile ghorofa ya pili kutoka barabarani
naijua jiwe kwa jiwe, ilitoka humu shimoni,
nyingine zina alama ya patasi yangu chini ya plasta.
Kwenye roshani ya nne mama mmoja anapiga kelele:
"Nani anafumua godoro huko chini?
Nguo zangu zimejaa pamba!"

Samahani, mama, nikaita,
wala sikumaanisha.
Nilikuwa nimeinua uso,
nikiitazama mbegu inavyopapasa ukuta,
ikitafuta ufa
kwenye mawe niliyoyaondoa mwenyewe.